Hewa Tuliyopulizia Makochi

Chumba cha Mtia Mafuta,
Ghorofa ya pili kutoka chini,
Melini.

Jumapili, tarehe 9 mwezi wa tatu.

Mpendwa Shangazi,

Kwa heshima na taadhima, na huku nimevua kofia, nautangazia ukoo wetu wote, wa kuumeni na wa kukeni, walio hai na wanaodhaniwa kuwa hai, kwamba birika la chai la chumba cha mashine limetoboka. Lilitoboka Jumatatu saa nne asubuhi, chini kidogo ya mdomo, baada ya utumishi uliotukuka wa miaka kumi na minane. Hakuna aliyeungua. Chai kwa sasa inachemshwa kwenye kopo la rangi, na ina rangi kweli.

Baada ya tangazo hilo zito, shikamoo Shangazi. Goti linasemaje? Na macho, bado unatunga uzi kwenye sindano bila miwani, au siku hizi unamwita jirani halafu unamlaumu kwamba uzi wake ni mnene? Mimi ni mzima. Sikio la kushoto linasikia vizuri, la kulia linasikia linachotaka. Meno yangu yamebaki ya kutosha kucheka, ila sijayatumia kwa kazi hiyo muda sasa.

Barua yako ilifika juzi, imekunjwa mara mbili na kukanyagwa mara moja. Umeniuliza mambo mawili: kama ninakula, na kama hiyo injini ninayojisifia miaka yote inawashwa kwa ufunguo kama gari. La kula, ninakula. Mpishi wetu anapika kitu kimoja kwa majina saba, na siku ya nane anaanza upya. La ufunguo limenikuta pabaya, kwa maana wiki hii yote sikuwa na kazi nyingine duniani ila kujaribu kuiwasha. Basi vuta kiti, nikueleze, na ukiona naeleza sana ujue naogopa kufika mwisho.

Kwanza hali yetu. Meli imefungwa kwenye gati la mwisho, nyuma ya ghala la saruji lililohamwa, na huu ni mwaka wa pili. Tulikuwa watu ishirini na mbili. Tumebaki wanne: Nahodha, Chifu ambaye ndiye mkuu wa mashine, Mpishi, na mimi. Kazi yetu ni kuizuia isizame, na mpaka leo tumefaulu, ingawa sidhani kama ni sisi. Kutu inakula chuma polepole. Ukikaa kimya kwenye ngazi unasikia vigamba vinaanguka kimoja kimoja, kama mtu anayemenya yai hana haraka.

Wiki tatu zilizopita ofisi ikapiga simu. Kuna mnunuzi. Mtu wake atakuja Alhamisi, tarehe sita, aione injini ikizunguka kwa nguvu yake yenyewe. Ikiwaka, meli inanunuliwa na inaondoka na mabaharia wake. Isipowaka, sisi tunashushwa, mlango unafungwa, kila mtu na njia yake.

Sasa pima mwenyewe, Shangazi. Nahodha ana cheti. Chifu ana vyeti vinne, kimoja kiko kwenye fremu. Mpishi anaweza kuharibu chakula nchi yoyote. Mimi nina miaka hamsini na mmoja na sina karatasi hata moja. Yote ninayoyajua kuhusu injini hii niliyapata kwa kukaa nayo, na kwa kusoma kitabu chake, chenye kurasa mia nne, ambapo kumi na tano katikati zimeliwa na mende. Elimu yangu ina tundu mahali hapo hapo. Ndiyo maana humu wananiita Profesa, na si kwa heshima.

Hata hivyo sikukaa bure. Nilivaa shati la kola nikaenda mjini, kwenye ofisi ya kuandikisha mabaharia. Iko ghorofani, juu ya duka la kutoa nakala, mkabala na kinyozi mmoja ambaye kila nikipita anakuwa amelala kwenye kiti chake cha wateja. Karani hakuinua kichwa.

"Cheti?"

"Sina, lakini nina miaka ishirini na..."

"Mzee, nimeuliza cheti, sijauliza umri."

Nikamwambia naweza kumtajia sauti sita za pistoni sita kila moja na ugonjwa wake. Akasema wa nyuma yangu asogee. Nilipogeuka, nyuma yangu hapakuwa na mtu. Basi nikajua kwamba mimi nina meli moja tu duniani, na meli hiyo ina injini moja, na injini hiyo haijazunguka miezi kumi na minne.

Injini yenyewe iko hivi. Chukua nyumba yako, iweke juu ya nyumba nyingine kama hiyo, juu yake weka ya tatu, halafu badala ya vyumba jaza chuma. Ina ngazi zake na vibaraza vyake, na mtu akiwa juu akimwita wa chini, ni lazima apige nondo kwa spana. Ndani yake kuna silinda sita zimepangwa mstari mmoja. Kila silinda ina pistoni, ambayo ni kama kifuniko cha sufuria, ila kifuniko hicho watu wawili wanaweza kukizunguka wakacheza karata juu yake. Inapanda na kushuka zaidi ya kimo chako ukiwa umevaa kilemba.

Sasa fikiria cherehani yako ya miguu. Mguu unakanyaga pedali, pedali inapanda na kushuka, fimbo inalivuta gurudumu, gurudumu linazunguka. Injini ni hiyo hiyo, Shangazi. Mahali pa mguu pana moto, na badala ya mguu mmoja kuna sita zinazokanyaga kwa zamu. Gurudumu lake ni ule mtaimbo mrefu unaotoka nje nyuma ya meli na kuzungusha propela. Hakuna gia wala klachi katikati. Injini ikienda, propela inakwenda. Ukitaka meli irudi nyuma, unaisimamisha injini yote, halafu unaiwasha upya ikizunguka kinyume.

Utauliza moto unatoka wapi, maana haina plagi hata moja. Unakumbuka pampu ya baiskeli ya marehemu mjomba, inavyochoma kiganja ukipiga sana? Hewa ukiibana inapata joto. Pistoni ikipanda inaibana hewa kwa nguvu ya ajabu mpaka inakuwa ya moto kuliko tanuri, na hapo mafuta yanapulizwa humo kama ukungu, yanalipuka yenyewe. Na mafuta hayo si ya taa. Ni meusi na mazito kama lami, yakipoa unayakata kwa kisu. Inabidi uyachemshe kabla hayajakubali kupita kwenye bomba.

Hapo ndipo penye mtego. Cherehani ikiwa imesimama, ukikanyaga pedali kabla ya kulisukuma gurudumu kwa mkono, ama haiendi, ama inakwenda kinyume na uzi unakatika. Ulinichapa kwa kosa hilo nikiwa na miaka tisa. Injini nayo haipati moto mpaka iwe inazunguka, na haizunguki mpaka ipate moto. Ni lazima mkono wa kwanza utoke pengine. Hakuna betri duniani ya kuisukuma. Mkono wake ni hewa.

Tunayo mitungi miwili ya chuma, kila mmoja mkubwa kama boza la maji. Inajazwa hewa kwa kompresa mpaka geji, saa ya kupimia msukumo, isome thelathini. Tairi la baiskeli likifika nne linakuwa gumu kama jiwe, kwa hiyo unaweza kukisia thelathini ni nini. Siku ya kuwasha unafungua vali, hewa inaingia silinda moja baada ya nyingine, inazisukuma pistoni chini kwa zamu. Injini ikishika mwendo kidogo, unafunga hewa na kuachia mafuta. Ikikubali, imekubali. Ikikataa, hewa ile imekwenda na hairudi, na geji imeshuka tatu. Chini ya kumi haina tena nguvu ya kusukuma chochote.

Kwa hiyo, kwa ufupi, jibu la swali lako: hakuna ufunguo. Kuna pumzi, na ni ya kuhesabu.

Kompresa zetu zilikuwa mbili. Moja tulishaichuna vipuri kumlisha mwenzake. Huyo mwenzake tulimwendesha siku kumi na moja, saa tatu kila asubuhi, Chifu amemwekea mkono mgongoni kama mgonjwa. Jumatatu geji ilipofika ishirini na nane, kompresa ikatoa mlio, ikatoa moshi, ikakata roho. Ni siku ile ile ya birika. Chifu aliyatazama mauti yote mawili, akasema, "Hewa imetosha. Ishirini na nane ni mara sita. Mara sita hata gogo linawaka." Akaandika kwa chaki kwenye mtungi: ASIGUSE MTU.

Tukaanza maandalizi. Injini hii haiamshwi ghafla. Unapitisha maji ya moto kwenye kuta zake siku nzima mpaka mwili wote upate joto, la sivyo chuma kitapasuka. Unasukuma mafuta ya kulainisha kwenye kila kiungo. Halafu unaizungusha kwa mota ndogo ya umeme yenye meno, taratibu kuliko mshale wa saa, vizibo vya juu vikiwa wazi, ukitazama kama kuna maji yanatoka. Maji yakiwamo ndani, pistoni ikapanda, maji hayabaniki. Kitakachovunjika ni chuma. Jumatano kutwa nilikaa juu na tochi nikitazama matundu sita. Hayakutoka maji. Nilifurahi, Shangazi, nakiri, na furaha hiyo ndiyo iliyonifanya nisisikie kilichokuwa kinaendelea ghorofa nne juu yangu.

Juu huko, Nahodha alikuwa anaiandaa sebule yake kwa ajili ya mgeni. Nahodha ni mtu wa adabu. Anaamini hakuna mkataba uliowahi kusainiwa na mtu aliyekalia vumbi. Makochi yake ya kitambaa yalikuwa na vumbi la miezi kumi na minne, na la saruji ya ghala juu yake. Mpishi akajaribu kuyapiga kwa mwiko, vumbi likapanda likashuka pale pale. Ndipo akakumbuka kwamba kwenye ukumbi wa sebule kuna bomba dogo la hewa, lile tunalopulizia vichujio. Akaunganisha mpira. Akapulizia makochi matatu, mapazia, zulia, saa ya ukutani, na mwisho Nahodha mwenyewe, ambaye alikuwa amevaa sare tayari na akaomba apuliziwe mabega. Kazi hiyo ilichukua saa moja na nusu.

Bomba lile linakunywa kutoka kwenye mitungi ile ile.

Chifu alipopita kwenye geji saa kumi ilikuwa inasoma kumi na saba. Hakupiga kelele. Alipanda ngazi zote na goti lake lile bovu, akasimama mlangoni pa sebule. Mimi nilikuwa nyuma yake. Kweli palikuwa pamependeza.

"Nani ametumia hewa?" akauliza.

"Mimi, Chifu," Mpishi akasema, ameridhika. "Kaa uone. Kaa kwanza!"

"Nimeandika asiguse mtu."

"Umeandika kwenye mtungi. Mtungi sijaugusa, mashahidi wapo. Mimi nimechukua hewa tu. Hewa si ipo hata nje?"

Chifu akamtazama Nahodha. Nahodha akatazama mabega yake, safi kama ya bwana harusi. Hakuna aliyekaa kwenye makochi. Tulishuka, na tukiwa kwenye ngazi Chifu akaniambia, bila kugeuka, "Profesa, kumi na saba ni mara ngapi?" Nikasema mbili, na ya tatu ya kuomba Mungu. Akasema yeye amepata jibu hilo hilo, alikuwa anataka tu kusikia mtu mwingine akikosea.

Alhamisi mgeni alifika saa tatu, kijana mwenye viatu vyeupe na daftari. Nahodha akamkaribisha kwenye makochi. Akasema ahsante, amekaa sana kwenye gari, anapenda kusimama. Alisimama ziara nzima. Mpishi aliyaona hayo kupitia mlango wa jiko, akarudi kwenye sufuria yake.

Chini tukaanza. Kwa kawaida unaipuliza injini kwanza mara moja vizibo vikiwa wazi, kuhakikisha. Chifu akasema hatuna hewa ya kuhakikishia. Tukafunga vizibo vyote sita, tukaondoa ile mota ya meno, Nahodha akatuambia kwa simu kwamba kamba za gati zimekazwa. Chifu akashika mkono wa kuwashia.

Mara ya kwanza hewa ikaingia kwa kishindo, mlio kama lori linalomwaga kokoto. Injini ikajinyanyua nusu mzunguko, ikashusha pumzi, ikatulia. Kumi na nne.

Mara ya pili ikaenda mizunguko miwili mizima. Silinda ya tano ikapiga mara moja, dum, moshi ukatoka kwenye viungo, na zile nyingine tano zikanyamaza kama watoto walioulizwa nani kavunja kikombe. Ikasimama. Kumi na moja.

Chifu akatoa kitambaa akafuta mikono iliyokuwa safi. Mimi nilikuwa nafikiria ile moja iliyopiga. Kama joto lipo, na hewa imeizungusha, kwa nini ya tano peke yake? Nikapanda ghorofa ya kati zilipo pampu za mafuta, kila silinda na yake. Kila pampu ina kijiti cha chuma kinachosogea kuipimia mafuta, na vijiti hivyo vyote husogea pamoja Chifu akivuta mkono. Nikagusa cha tano: kinateleza. Nikagusa cha nne: kimeganda. Mafuta ya zamani yalikuwa yamekauka juu yake kama sukari guru. Cha tatu hivyo hivyo, na wenzake wote. Miezi kumi na minne nilivifuta kwa nje vikang'aa, sikuwahi kuvisogeza. Kosa hilo ni langu, nalo si dogo kuliko la makochi.

Nikaomba dakika ishirini. Nilipita na kopo la mafuta ya taa na brashi ya meno, yangu mwenyewe, nikaviosha kimoja kimoja, nikavisukuma kwa kidole gumba mpaka vikakubali. Kijasho chembamba kilinitoka mpaka kwenye soksi. Niliposhuka Chifu alikuwa bado anaitazama geji.

"Profesa, kitabu kinasemaje kuhusu kuwasha kwa kumi na moja?"

"Ukurasa huo uliliwa, Chifu."

"Basi haijakatazwa."

Akavuta.

Shangazi, sijui nikuelezeje. Iliinuka kwa shida kama mzee anayetoka kitandani, robo, nusu, mzunguko, nikadhani imekwisha, geji inaporomoka mbele ya macho yangu, tisa na kitu, halafu dum. Kimya. Dum. Halafu dum dum, halafu sakafu ikaanza kutetemeka kuanzia kwenye visigino, na zote sita zikashika zamu. Kopo la chai likacheza ngoma mpaka ukingoni mwa meza. Kamba za gati zililia. Bombani ulitoka moshi wa miezi kumi na minne ukafunika ghala, ukafunika mtaa, na nasikia yule kinyozi aliamka. Chifu hakucheka. Alinishika bega akalibana, akaliachia. Machozi yangu mimi niliyasingizia moshi, ingawa moshi ulikuwa nje.

Iliunguruma dakika ishirini na tano. Mgeni akashuka nusu ya ngazi, leso puani, akapaza sauti.

"Inaweza kwenda mfululizo bila kuzimwa?"

"Hii?" Chifu akapiga kelele. "Hii inakwenda mwezi mzima!"

"Mwezi si lazima," mgeni akasema, akaandika, akapanda.

Usiku huo tulikula kile kitu cha siku zote, Mpishi akakipa jina la nane.

Ijumaa asubuhi Nahodha akatuita sebuleni. Safari hii tulikaa kwenye makochi, maana hapakuwa na sababu ya kuyaogopa tena. Alikuwa na karatasi ya mauzo, akatusomea polepole, kwa sauti ile anayotumia kusoma hali ya hewa mbaya. Meli imenunuliwa. Inapelekwa kwenye ufuko mmoja wa matope, ambako meli hukatwa vipande.

Kazi hiyo inafanyika hivi, nimeulizia. Unasubiri maji yajae, unaielekeza meli nchi kavu, unaifungulia injini mpaka mwisho, unapanda nayo ufukoni mpaka tumbo likae kwenye tope. Maji yakitoka, wanakuja watu na mitungi ya gesi. Meli iliyokufa inabidi ivutwe na boti kubwa mpaka huko, na ni gharama. Meli inayojiendesha inajipeleka. Ndiyo maana mgeni alitaka kusikia mlio. Siku kumi na moja za kompresa, na maji ya moto, na mswaki wangu, vyote vilikuwa vya kumwamsha mgonjwa ili aende makaburini kwa miguu yake.

Kisha Mpishi akauliza kwa upole, "Na makochi nayo yanakatwa?" Nahodha akasema makochi yatauzwa peke yake, yako katika hali nzuri. Chifu akacheka, kicheko kimoja kikavu, akatoka kwenda kupanga spana zake kwa ukubwa, kuanzia ndogo. Zilikuwa zimepangwa tayari.

Jioni mgeni alirudi na fomu. Anahitaji watu wa kuipeleka. Nahodha alisaini, Chifu alisaini bila kusoma, Mpishi alisaini baada ya kusoma mara mbili. Ilipofika zamu yangu nilingoja swali lile. Hakuuliza. Hakuna anayeuliza cheti kwa kazi ya kwenda huko. Nilisaini kwa mwandiko wangu mzuri ule ulionifundisha wewe, wenye mikia.

Wala usidhani nimedanganyika. Nimekaa na injini hii kuliko nilivyokaa na binadamu yeyote, ukiacha wewe. Najua silinda ya pili hukohoa asubuhi. Najua kibaraza gani kinakwaruza goti. Ningependa kukwambia kwamba kuisindikiza ni heshima, na nimejaribu kuiandika sentensi hiyo mara tatu, kila mara inanitazama kama yule karani. Bora nikiri tu kwamba niliiwasha kwa sababu sikuwa na pa kwenda, na sasa inanipeleka mahali ambapo hapatakuwa na pa kurudi. Mikono yangu inajua kitu kimoja. Kitu hicho kitakatwa, kitayeyushwa, kitakuwa nondo za nyumba za watu.

Huku mvua hainyeshi wala haiachi. Leo nimefua.

Nisalimie Shemeji, mwambie viatu alivyonishonea bado vina soli, ila soli imebaki peke yake. Nisalimie Mama Mdogo, na umwombe asinitafutie mchumba mpaka nitakaposema. Mapacha wa dada wabusu kwa zamu, wasije wakapigana. Binamu wa benki mpe salamu fupi, ndefu hana nafasi nazo. Na jirani anayekutungia uzi, mwambie namshukuru, hata kama uzi wake ni mnene.

Mungu akutunzie goti na macho, akupe wateja wasiobadili mawazo baada ya kukata kitambaa, na akulaze kila siku ukiwa na mtu wa kumgombeza.

Ni mimi wako nikupendaye, mwana wa kaka yako, ambaye mpaka leo hajakata uzi wako kwa makusudi,

Profesa

Tena, Shangazi: najua barua hii ukishaisoma utapita nyumba hadi nyumba kusema nimepata mkataba mpya. Ni kweli nimepata. Ni wa siku tano.